Sarafu 10 za Catherine

Zamu ya 126, mwaka 275 baada ya Kristo kwa kalenda ya gemu ya kompyuta. Majeshi ya Urusi yamerundikana Novgorod, hatua nne tu kutoka Gondar, mji wangu wa kaskazini unaolindwa na wapiga pinde wawili. Nikapeleka kishale cha kipanya juu ya jina la Catherine, malkia wa Urusi, kwenye ubao wa pointi, nione ananionaje. Ameridhika. Mdogo wangu alikuwa amekaa pembeni akisubiri nimalize ili naye apate kompyuta. Akachungulia, akacheka.

"Kaka, si ulisema huyu ndiye mwenzako?"

Nilisema, ndiyo. Na nilikuwa na ushahidi wa tarakimu. Kisa hiki kinahusu tarakimu hizo: nilizisoma vizuri, nikazijumlisha vizuri, na bado nusura nipoteze mji.

Gemu yenyewe ni Civilization IV ya mwaka 2005, pamoja na nyongeza yake ya mwisho, Beyond the Sword ya 2007. Wengine mtaikumbuka kwa menyu yake, kwa sababu ukiifungua tu unapokelewa na kwaya inayoimba sala ya Baba Yetu kwa Kiswahili, muziki uliokuja kupata Grammy mwaka 2011. Mimi nimebaki nayo kwa sababu nyingine. Kwanza kompyuta yangu haiwezi kitu kizito zaidi. Pili, wapinzani wanaoendeshwa na kompyuta humu ndani hawakufichi mambo mengi. Mtu akikuchukia, gemu inakuandikia kwa nini, sababu moja moja, kila moja na namba yake ya kujumlisha au ya kutoa. Soren Johnson, aliyeongoza usanifu wa gemu hii na kuandika akili ya wapinzani wake, alitaka mchezaji aweze kuisoma diplomasia. Inasomeka kweli. Ila kuna ukurasa ambao wengi tunauruka.

Nilikuwa Zara Yaqob wa Ethiopia, ngazi ya ugumu iitwayo Monarch, ramani ndogo yenye bara moja, wapinzani wanne. Magharibi yangu Isabella wa Hispania. Kaskazini Catherine wa Urusi, nchi yake imetandaa kuelekea mashariki mpaka ikagusana na Gandhi. Mashariki yangu Mansa Musa wa Mali, naye Gandhi yuko nyuma yake. Mimi nimebanwa katikati na miji sita.

Isabella alianzisha dini ya Kibuddha mapema kabisa, kama kawaida yake. Hispania huanza gemu ikiwa tayari na teknolojia inayofungua mlango wa dini. Gandhi akaanzisha Uhindu, ukamfikia Mansa. Ubuddha ukafika Aksum, mji wangu, wenyewe kupitia barabara, bila mmishonari, zamu ya 58. Zamu ya 61 nikaufanya dini ya taifa.

Hapo sioni kosa mpaka leo. Isabella ndiye kiongozi mkali kuliko wote katika suala la dini: ukiwa wa imani yake anakuongezea pointi kadiri miaka inavyokwenda, na ukiwa wa imani nyingine anakupunguzia hivyo hivyo mpaka siku ya vita. Mansa naye hupunguza, lakini si mtu wa kususa biashara kwa sababu ya msikiti au hekalu. Kumkera Mansa kidogo ili kumridhisha Isabella sana ni bei nzuri. Catherine alikuwa Mbuddha pia, kwa hiyo kwa uamuzi mmoja nikawa nimefunga mipaka miwili kati ya mitatu. Ndivyo nilivyojiambia.

Zamu ya 98 Isabella akafungua dirisha: niache kufanya biashara na Mansa Musa, adui yake mkuu. Kila aliyecheza gemu hii anaijua hali hiyo. Ukikubali, mikataba yote na Mansa inakatika, na kwenye orodha yake unaandikwa kuwa uliacha biashara naye, jambo ambalo halisahauliki upesi. Ukikataa, Isabella anakuandikia kukataa kwako, na kila bidhaa nzito unayouziana na Mansa baada ya hapo inaingia kwenye mstari wa kufanya biashara na adui mkuu. Mpanda farasi wawili hupasuka msamba, lakini hesabu yangu ilikuwa nyepesi. Mansa ndiye aliyekuwa mbele kwa elimu, na ndiye kiongozi mwepesi kuliko wengi katika kubadilishana teknolojia. Kumkata ni kujifungia dukani peke yako. Nilikataa. Isabella akashuka pointi moja, akabaki rafiki. Zamu ya 104 nikampa Mansa Alfabeti, naye akanipa teknolojia ya Sarafu. Ikumbuke hiyo Sarafu. Bila yake kisa hiki kingeishia vibaya, maana kabla ya kuwa nayo dhahabu haiwekwi kwenye meza ya mapatano.

Kosa langu lilikuja kati ya hayo mawili, na nilifanya kwa kiburi tu. Zamu ya 101 Catherine alidai nimpe Alfabeti bure. Si kwa kubadilishana, kwa kudai. Nikaangalia ule uso wake wa kujidai, nikabonyeza hapana. Pointi moja ikatoka. Nikasema, pointi moja ni nini?

Sasa tuangalie ile orodha yake kama ilivyosomeka zamu ya 118. Imani moja, kujumlisha 3. Mipaka wazi, kujumlisha 2. Biashara ya haki, kujumlisha 2. Miaka ya amani, kujumlisha 1. Mipaka yetu inabanana, kutoa 2. Kukataa dai lake, kutoa 1. Jumla 5. Katika gemu hii kuanzia 3 mtu anaridhika, na akifika 10 anakuwa rafiki. Ukishuka hadi kutoa 3 anakereka, na kutoa 10 anakuwa na hasira kali. Kwa hiyo 5 ni hali nzuri. Nilihamisha askari kutoka kaskazini nikawapeleka upande wa Mansa, mtu ambaye orodha yake ilikuwa na alama za kutoa nyingi zaidi.

Ukweli ni kwamba nililinda mpaka usio na hatari na kuacha wazi ule wenye hatari. Hali ya uhusiano ni hisia. Vita ni uamuzi, na kila kiongozi ana namna yake ya kutoka kwenye hisia kuingia kwenye uamuzi. Hilo si fumbo, liko kwenye faili. Ndani ya folda ya gemu kuna faili la XML lenye tabia za viongozi wote, linafunguka hata kwa programu ya kawaida ya maandishi, na humo kila kiongozi ana namba inayosema: akiwa katika hali hii, uwezekano wa kutopanga vita ni asilimia ngapi. Kwa Gandhi na kwa Mansa Musa, wakisharidhika ni 100. Hawakupigi. Unaweza kulala mlango wazi. Kwa Catherine, akiridhika si 100. Kuridhika kwake hupunguza tu hamu. Zamu baada ya zamu kompyuta inarusha dadu. Siku dadu ikiangukia vita, anatafuta nani wa kumpiga: aliye karibu, aliye dhaifu, ambaye ardhi yake inafikika. Mimi nilikuwa na askari tisa kwa miji sita.

Kwa hiyo Mansa mwenye kinyongo alikuwa jirani salama kuliko Catherine mwenye tabasamu. Wachezaji wazoefu wanalijua hili, nami nilikuwa nalijua pia. Nililisahau kwa sababu ile namba 5 ilinipendeza macho.

Kulikuwa na njia ya kujua mapema. Fungua meza ya mapatano na mpinzani yeyote, tazama upande wake, mahali pa kumwomba atangaze vita dhidi ya mtu wa tatu. Majina yanayokataliwa huandikwa kwa rangi nyekundu, na ukiweka kishale juu ya jina unapata sababu. Atasema fulani ni rafiki yake, au hakuamini wewe vya kutosha. Lakini kuna sababu moja inayotoboa siri: kwamba kwa sasa mikono yao imejaa. Kama hayuko vitani na mtu, na anakwambia mikono imejaa, maana yake tayari ana mpango wa vita kichwani. Kompyuta haiwezi kusema uongo hapo. Sentensi hiyo inatoka moja kwa moja kwenye hesabu zake za vita. Hakwambii atampiga nani. Hilo unalikokotoa mwenyewe.

Nilikuwa na mazoea ya kuangalia mstari huo kila baada ya zamu nne au tano. Kuanzia zamu ya 110 niliacha, nikishughulika na kujenga maktaba. Zamu ya 124 skauti wangu wa tangu enzi za mawe, aliyekuwa akirandaranda ndani ya Urusi kwa sababu mipaka ilikuwa wazi, akasimama juu ya kilima karibu na Novgorod. Nikaona manjaniki nne, watu wa panga watatu, wapanda farasi wawili. Manjaniki hayalindi mji. Mtu harundiki manjaniki nne mpakani kwa ajili ya gwaride. Nikafungua meza yake. Gandhi: mikono imejaa. Mansa: mikono imejaa.

Angeweza kuwa anamtaka Isabella? Wale wawili walikuwa marafiki kabisa, na Novgorod iko mbali na Hispania. Gandhi? Yuko upande wa pili wa nchi. Nilibaki mimi.

Zamu ya 125 niliipoteza nikifanya mambo ya kawaida: kuamuru ukuta Gondar, kurudisha wapiga pinde kutoka mpaka wa Mali. Wangehitaji zamu sita kufika. Ndipo ikaja zamu ya 126 na swali la mdogo wangu.

Kilichonitoa ni kanuni ndogo iliyomo kwenye Beyond the Sword. Mpinzani akikudai kitu ukampa, mnafungwa na mkataba wa amani wa zamu 10. Na kinyume chake ni hivyo hivyo: wewe ukimwomba kitu bure naye akakupa, mkataba ule ule unawafunga wote. Thamani ya kitu haijalishi. Kwa kawaida atakubali kukupa kama ameridhika au ni rafiki, na kama hujamwomba kitu siku za karibuni.

Nikafungua meza. Kwake nikaweka sarafu 10. Kwangu pakabaki patupu. Nikabonyeza.

Akakubali.

Malkia mwenye manjaniki nne mlangoni kwangu, akiwa amekwisha amua kunivamia, amenipa sarafu 10 kwa moyo mkunjufu, na kwa sababu hiyo hawezi kunigusa hadi zamu ya 136. Mdogo wangu alisema hiyo ni gemu ya kijinga. Sikumbishia. Ni tundu katika kanuni, na kuna wachezaji wanaoona aibu kulitumia. Mimi sikuwa na muda wa aibu.

Baadaye, kwa udadisi, nilifungua mara mbili faili niliyohifadhi zamu ya 124 nione yale ambayo hayakutokea. Gemu hii, usipobadilisha chaguo lake, haichanganyi dadu upya ukifungua faili. Ukifanya yale yale yatatokea yale yale, kwa hiyo jaribio lina maana. Mara ya kwanza sikumwomba kitu, nikajenga ukuta tu. Alitangaza vita zamu ya 128, Gondar ikaanguka zamu ya 130 kabla wapiga pinde hawajafika. Mara ya pili nilimpa teknolojia kama zawadi, nikidhani mkono mtupu haulambwi. Alishukuru, biashara ya haki ikapanda, akaridhika zaidi. Zamu ya 128 akatangaza vita vile vile. Jaribio hili la pili ndilo lililonifundisha kuliko kisa chenyewe: akishaamua, kumpendeza hakubadilishi kitu. Mpango ukishawekwa, tabasamu na mpango vinakwenda kila kimoja na njia yake. Na zawadi unayotoa mwenyewe, bila kudaiwa, haileti ule mkataba wa zamu 10. Kinachomzuia ni kufungwa na kanuni tu.

Turudi kwenye mchezo wenyewe. Zamu 10 si nyingi. Nilihitaji wapiga pinde wakubwa, na teknolojia yao, Ukabaila, alikuwa nayo Mansa. Zamu ya 129 nilimuuzia Falsafa akanipa. Isabella akaniandikia biashara na adui mkuu, akashuka kutoka rafiki hadi kuridhika. Niliona inashuka na nikaiacha ishuke.

Lakini ulinzi peke yake ungemfanya Catherine angoje tu. Jirani wa aina hii ukitaka akae mbali nawe, mtafutie kazi. Mkataba ulipomfunga, mpango wake dhidi yangu ulifutika, na nilipofungua meza yake tena majina hayakuwa mekundu. Alikuwa huru kuhongwa. Hii nayo ni tabia yake mashuhuri: ni rahisi kumlipa apigane kuliko karibu kila mtu.

Nani apigwe? Nikimtuma kwa Mansa, Mansa atajua ni mimi niliyemletea vita, na nitapoteza duka langu. Isabella, hapana, huyo ni mwenzetu wa imani. Basi Gandhi. Gandhi angeniandikia kwamba nilimtafutia maadui, lakini Gandhi akikuchukia unapata nini? Yuko mbali, na jeshi lake ni la kulinda nyumba. Na Mansa, ndugu yake wa imani, hana mstari wa kuniadhibu nao: anayetangaza vita dhidi ya rafiki yake ndiye anayeandikwa, si aliyelipa. Zamu ya 133 Catherine alipokea Falsafa ile ile niliyomuuzia Mansa, pamoja na Kalenda, akageuza manjaniki kuelekea mashariki. Skauti wangu aliyaona yakipita chini ya kilima, moja moja.

Kama ningeacha kuandika hapa ingeonekana nimecheza vizuri. Sikucheza vizuri. Zamu ya 149 Gandhi alisalimu amri akawa kibaraka wa Catherine. Miji yake mitatu ilikuwa imekwisha chukuliwa. Urusi niliyoiogopa ikiwa na miji saba sasa ilikuwa na kumi, na kibaraka juu. Na zamu ya 152, nilipopita kwa mshauri wa mambo ya nje, niliona adui mkuu wa Mansa amebadilika. Alikuwa Isabella, sasa ni Catherine. Maana yake kila nilichomuuzia Catherine kilinishusha kwa Mansa, ilhali kila nilichomuuzia Mansa kilinishusha kwa Isabella. Duka nililolilinda tangu zamu ya 98 lilianza kufungwa nusu mlango, kwa vita niliyoilipia mwenyewe.

Leo nikiwa katika nafasi ile ningemwomba zile sarafu 10 bila kusita, na ningechukua Ukabaila. Vita ya kuhonga ningeinunua mara mbili: Catherine aende kwa Gandhi, kisha mara moja baada ya hapo, kabla Gandhi hajachoka, nimhonge Mansa amwingilie Catherine ubavuni. Mansa angekuwa na sababu, na mimi nilikuwa na Falsafa ya kuuza tena. Vita isiyokwisha kwa majirani wawili ilikuwa na faida kwangu kuliko ushindi wa mmoja. Niliridhika kumwona Catherine amegeuka mgongo, nikarudi kwenye maktaba zangu.

Na ile Alfabeti ya zamu ya 101 ningempa. Zamu tatu baadaye nilimuuzia Mansa, na zamu ya 115 kila mtu barani alikuwa nayo. Nilimnyima kitu ambacho kingemfikia tu, na nikalipia pointi.

Nilimaliza ile gemu kwa ushindi wa chombo cha angani, nikiwa na Gondar bado. Ila zamu ninayoikumbuka zaidi ni ya 171, mwaka 1110. Dirisha lilifunguka bila kubishwa, Catherine na uso wake ule ule, anadai Elimu, teknolojia niliyoihangaikia zamu tisa, nimpe bure. Mdogo wangu alikuwa pembeni tena.

"Unampa?"

Nilikuwa nimekwisha bonyeza.